Kunajisi bendera ni kufanya nini?

Nilikuwa kwenye matatu ya Kawangware, redio juu, mtangazaji akatuambia kuwa Marekani inataka kuwafunga "wanaonajisi bendera". Mama aliyeketi kando yangu, sukuma wiki mapajani, akaguna: "Ai! Wanainajisi vipi na ni kitambaa?"

Hakukosea. Hapa Kenya kesi ya kunajisi ni ya mtoto aliyeingiliwa, na ndiyo maana sikio hushtuka.

Kinachojadiliwa ni jambo jepesi: kuichoma, kuichana au kuikanyaga bendera ya taifa makusudi, watu wakiona, na kama serikali ilifanye hilo kuwa jinai. Basi.

Sasa hilo neno. Najisi ni Kiarabu, limetufikia kupitia dini. Pwani mtoto hulijua kabla ya kwenda shule: mkojo ni najisi, nguruwe ni najisi, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, kitu hunajisika kwa sababu kilikuwa twahara, yaani safi kidini. Pili, kikioshwa hurudi kilivyokuwa. Bendera iliyochomwa utaosha nini, majivu?

Hilo la kwanza ndilo linaloniudhi. Ukisema bendera "imenajisiwa", umeshaamua kwamba ni takatifu, na mjadala umeufunga kabla mwenzako hajafungua kinywa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 9, inaiita alama ya taifa, pamoja na wimbo, nembo na muhuri. Haikusema takatifu. Jina lenyewe, bendera, tulilipata kwa Wareno, na sidhani walituletea kama kitu cha ibada.

Hao Wamarekani wenyewe wamezunguka hapo miaka mingi. Gregory Lee Johnson alichoma bendera Dallas mwaka 1984. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 5 kwa 4, kwamba huko ni kutoa maoni, haki inayolindwa na katiba yao. Bunge likatunga sheria ya kukataza mwaka uleule, ikaanguka mahakamani 1990, 5 kwa 4 tena. Mwaka 2006 jaribio la kubadilisha katiba lilikosa kura moja tu kwenye Seneti. Agosti 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kuwafuatilia wachomaji. Na kanuni za bendera za hukohuko zinasema iliyochakaa iharibiwe kwa heshima, ikiwezekana kwa kuchomwa! Moto ni uleule. Kinachoadhibiwa ni nia ya aliyewasha kiberiti.

Kwetu iko Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, ambayo hata kupeperusha bendera kwenye gari imewaachia wakubwa wachache. Juni 2024 vijana walioandamana Nairobi walijifunga bendera mabegani katikati ya jiji, zikalowa jasho na maji ya polisi, zikaburuzwa kwenye lami ya Moi Avenue. Zilichafuka sana. Sikumsikia hata mmoja akisema zimenajisika.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ikichomwa sema imechomwa, ikikanyagwa sema imekanyagwa. Ukitaka neno la jumla, sema wameivunjia bendera heshima. Kunajisi tuwaachie masheikh na mahakimu.