20W-50 kwenye injini ya 0W-20: oili yenye mnato usiofaa ni ipi?

Ukiingia duka la vipuri Kariakoo kutafuta oili ya gari dogo la petroli, utaulizwa kwanza unataka ya bei gani, kisha lita ngapi. Zile namba zilizoandikwa ubavuni mwa galoni, 5W-30, 20W-50, 0W-20, huja mwisho au haziji kabisa. Zikija, hukumu ni ile iliyozoeleka: "Huku kwetu joto, chukua nzito." Hukumu hiyo ndiyo imejaza oili nzito kwenye Toyota za IST, Vitz na Aqua ambazo watengenezaji wake walizipangia nyepesi.

Mnato ni ule ukaidi wa kimiminika kinapotakiwa kutiririka. Oili yenye mnato mkubwa ndiyo mafundi huiita nzito, na yenye mnato mdogo wanaiita nyepesi. Uzito huu si wa mizani: lita moja ya 20W-50 na lita moja ya 0W-20 zina kilo zinazokaribiana sana. Tena mnato hubadilika kwa joto. Asali iliyolala kwenye chupa usiku wa baridi hugoma kutoka, ukiipasha moto kidogo inachuruzika yenyewe. Oili nayo ni hivyo hivyo, na ndiyo maana galoni lina namba mbili.

Namba hizo zinafuata kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Ya kwanza, yenye W, inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. W ni ya majira ya baridi, haihusiani na uzito kama wengi wanavyodhani. Oili ya 5W hujaribiwa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri kuona kama starta itaweza kuizungusha injini, ya 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na nyuzijoto 100, yaani injini imeshapata moto na inafanya kazi. Hapo oili ya 20 huwa na mnato wa kati ya 6.9 na 9.3 kwa kipimo cha sentistoki, ya 30 huanzia 9.3 hadi 12.5, ya 40 hufika 16.3, na ya 50 hufika 21.9. Kwa hiyo 50 kwa kawaida ni nzito kama mara mbili ya 20 pale pale ambapo zote mbili zimeshalainika.

Wako wanaoamini kwamba 5W-30 huwa nyepesi asubuhi kisha inakuwa nzito injini ikipata moto, eti inatoka 5 kwenda 30. Hakuna oili ya namna hiyo. Oili yoyote ya injini hupungua mnato ikipata joto. Zile za namba mbili zimetiwa kemikali zinazopunguza kasi ya kulainika huko, basi. Asubuhi, kabla hujawasha gari, 5W-30 yako ni nzito mara kadhaa kuliko itakavyokuwa nusu saa baadaye.

Sasa turudi kwenye joto la Dar. Injini ina thamostati, na nyingi hufunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 90. Kazi yake ni kuhakikisha injini inakaa kwenye joto lile lile iwe iko Dar, Njombe au Tokyo. Nyuzi 32 za nje zikilinganishwa na nyuzi 100 za oili ni kitu kidogo. Mjapani naye ana kiangazi cha nyuzi 35 na foleni, na gari lake linatembea na 0W-20. Joto la Pwani linachobadilisha ni ule upande wa W: kwa kuwa hatuna barafu, tofauti ya 0W na 5W hatuisikii kama anavyoisikia mtu wa Hokkaido, kaskazini ya Japani kwenye theluji. Lakini hata asubuhi ya Dar oili bado iko mbali na nyuzi 100. Kwenye nyuzi 40, ambako viwanda hupima pia, 20W-50 za kawaida huwa na mnato wa karibu mara nne ya 0W-20. Kwa pampu ya oili hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ndani ya injini, krenkshafti haikai chuma kwa chuma juu ya beringi. Inaelea juu ya utando wa oili, kwenye mwanya wa sehemu chache za mia za milimita. Mtengenezaji huamua mwanya, pampu, upana wa njia za oili na mnato kwa pamoja. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, pampu inaisukuma kwa shida, presha inapanda, vali ya kupunguza presha inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa bila kufika ilikokuwa ikihitajika. Hapa ndipo watu hudanganyika: geji ikionyesha presha kubwa wanafurahi, kumbe presha imepanda kwa sababu oili haipiti. Kinachopoza beringi ni oili inayopita. Filta nayo, katika magari mengi, ina vali ya dharura inayofunguka oili ikishindwa kupenya karatasi, na hapo injini hupata oili isiyochujwa.

Kwenye Toyota za siku hizi anayeumia mapema mara nyingi ni VVT-i. Mfumo huu unazungusha kamshafti mbele na nyuma kwa nguvu ya oili, kupitia vali ndogo ya umeme yenye vijitundu vyembamba. Oili nzito hufika kwa kuchelewa, kompyuta inaona kamshafti haijakaa ilipoagizwa, taa ya injini inawaka, na mashine ya kusomea hitilafu inatoa namba P0011. Fundi anabadilisha vali, baadaye sensa, na taa inarudi, wakati hakuna aliyeuliza ndani kuna oili gani. Si kila P0011 ni oili, vali nazo huziba na kufa. Lakini kuuliza oili ni bure, vali ni hela.

Kuna na mafuta. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kutumia 10W-30 kwenye injini ya 5W-30 huongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia 1 hadi 2. Ukiruka mpaka 20W-50, usitegemee hasara iwe ndogo zaidi ya hapo. Kwa bodaboda ya matairi manne inayolala barabarani, namaanisha zile IST za teksi mtandao, hesabu hiyo inaonekana mwisho wa mwezi.

Kosa la upande wa pili ni adimu kwetu ila lina adhabu kali. Weka 0W-20 kwenye dizeli kubwa ya zamani, tuseme Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambako 15W-40 ndiyo mazoea, na gari libebe mzigo kupanda mlima Kitonga. Utando wa oili kwenye beringi unakuwa mwembamba mno, vyuma vinagusana. Dalili ya kwanza ni taa ya oili kupepesa gari likiwa silensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, na injini ikiwa ya moto. Baadaye unasikia kugonga kutoka chini, na siku moja unaambiwa injini imenoki.

Fundi anayetetea oili nzito ana hoja moja ambayo siipuuzi: kwamba Wajapani na Wamarekani wameshusha mnato kwa ajili ya kubana mafuta. Ni kweli, sheria za matumizi ya mafuta zimechangia sana. Ndiyo maana vitabu vya Toyota vya masoko ya Ghuba na Australia mara nyingi huruhusu oili kadhaa kwa injini moja, kuanzia 0W-20 hadi 15W-40. Kwa hiyo oili "isiyofaa" ni ile iliyo nje ya orodha aliyoiruhusu mtengenezaji wa injini yako. Kutoka 0W-20 kwenda 5W-30 kwa wengi ni ndani ya orodha. 20W-50 kwenye Aqua, gari la haibridi ambalo injini yake huzima na kuwaka mara kwa mara barabarani, sijaona nani wa kuitetea.

Na gari lililochoka, linalokula oili na kutoa moshi wa bluu? Kupanda hatua moja, 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40, kunaweza kupunguza ulaji huo kwa muda. Ringi na sili za vali zilizokwisha zinabaki zimekwisha. Muuzaji wa gari la mkononi anaijua mbinu hii vizuri, hivyo ukienda kukagua gari chomoa kijiti cha oili injini ikiwa ya baridi uone inavyodondoka.

Kuipata namba yako si kazi. Fungua boneti, tazama kifuniko cha kujazia oili, magari mengi mapya yameandikwa hapo. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikate tamaa, 0W-20 huandikwa hivyo hivyo kwa Kijapani. Angalia pia fremu ya mlango wa dereva: gereji za Japani hubandika stika ya tarehe na kilomita za kumwaga oili, na mara nyingine aina yake. Kwenye galoni tafuta alama ya mviringo ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, namba ya mnato iko katikati. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa haina pa kutazama, na bei yake isikushawishi.

Kama imeshawekwa isiyo yako, usiikimbilie gereji usiku. 5W-30 badala ya 0W-20, endesha mpaka zamu ya kumwaga. 20W-50 kwenye injini ya 0W-20, imwage wiki hiyo na ubadilishe filta. Nyepesi kwenye dizeli ya mzigo, lisiende safari. Na ukiwa njiani, kijiti kikionyesha oili iko chini ya alama ya mwisho na duka la karibu lina 10W-40 tu, ongeza hiyo hiyo. Oili za injini za namba tofauti huchanganyika, ila injini haivumilii kukauka.