Chakacha na rege: zinapokutana ndani ya wimbo

Bendi nyingi za hapa Mombasa zikitaka kuchanganya mitindo, hupiga rege kama kawaida kisha humwita mpiga udi aje atie nakshi wimbo ukikaribia kwisha. Kazi yangu ni kupanga muziki na kurekodi, na nyimbo za namna hiyo zimepita mikononi mwangu tele. Ukiuondoa ule udi wimbo unabaki vilevile, kwa hivyo hapo hakuna kilichochanganyika. Kuna wimbo wa chakacha na rege tuliomaliza majuzi na bendi moja ya Majengo. Wacha niueleze ulivyojengwa.

Tulianzia kwenye hesabu. Chakacha, ngoma ya kina mama wa pwani, ni 6/8, yaani mapigo madogo sita, makundi mawili ya tatu tatu. Rege ni 4/4, yaani mapigo makubwa manne. Lakini ukilaza baa mbili za chakacha juu ya baa moja ya rege unapata mapigo madogo 12, matatu ndani ya kila pigo kubwa, na hapo ndipo mitindo hii miwili inaposhikana. Mpiga dramu akigawa hai-hati (yale matoazi mawili ya dramu) mbili mbili alivyozoea, atagombana na chapuo, ngoma ndogo ya chakacha, mpaka mwisho wa wimbo. Akigawa tatu tatu, chapuo inakaa ndani yake yenyewe. Kasi tuliiweka mapigo makubwa 76 kwa dakika. Ukiipandisha zaidi rege inapoteza uzito, ukiishusha kina mama hawawezi kukata kiuno, na chakacha isiyochezeka ya nini?

Rege ya kale ina tabia ya kuliacha pigo la kwanza tupu na kuangusha dramu kubwa kwenye la tatu. Pengo lile la mwanzo tulimpa vumi, ngoma kubwa ya chakacha, peke yake, besi ikingoja. Msikilizaji hajui kwa nini, lakini mguu wake unajua.

Maneno ndiyo yaliyotutoa jasho. Tulitaka shairi lenye mizani nane kwa nane, kwa sababu sikio la mtu wa pwani linalidai. Mwimbaji akaleta mshororo huu:

Ulinambia wangoja, na feri ishaondoka

Mizani imetimia, na Likoni kila mtu anaijua hali hiyo. Lakini uimbe. Sauti inaingia kwenye pigo kubwa la pili, silabi moja kwa kila pigo dogo. Katika kipande cha kwanza, "mbi" ya "ulinambia" inatua juu ya pigo la tatu, pale pale dramu kubwa inapoanguka, na "ngo" ya "wangoja" juu ya la nne. Mkazo wa Kiswahili na mkazo wa ngoma vimekuwa kitu kimoja. Kipande cha pili sasa: mkazo wa "feri" uko kwenye "fe", nayo inaangukia katikati ya mapigo, halafu pigo la tatu linachukuliwa na "i" ya "ishaondoka", silabi isiyo na uzito wowote. Ukisikiliza utadhani mwimbaji amechelewa, na hajachelewa. Tukazunguka na kahawa mpaka tukapata:

Ulinambia wangoja, nikakuona wavuka

"O" kwenye la tatu, "vu" kwenye la nne. Na fumbo limezidi kuwa kali, au mimi ndiye napenda maneno ya mafumbo.

Sauti ya taarabu ilileta suala jingine. Fidla na udi vilitaka kupita katika maqamu (ngazi ya noti ya Kiarabu) ya Bayati kuanzia D, ambamo E si E ya kinanda wala si E flati; iko katikati ya hizo mbili. Gitaa lina vigawanyo vyake, haliwezi kuifikia noti hiyo. Dawa ni kuchagua kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zisizokuwa na E kabisa: D maina, G maina, F, B flati. Kodi za C na A zikapigwa marufuku. Gitaa likabaki na kazi yake ya kukwaruza pigo la pili na la nne, na fidla ikawa huru kuteleza itakavyo.

Wenye kudhani haya ni mambo mapya wakumbuke kwamba Juma Bhalo aliimba taarabu kwa mahadhi ya Kihindi, na Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa hapa hapa miaka ya 1970, walipiga chakacha na rege zamani.

Kwenye kurekodi, dramu, besi, chapuo na vumi viliingia pamoja, watu wakitazamana. Kuwarekodi mmoja mmoja kwa kufuata kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, kunaua chakacha, kwa sababu mpiga chapuo husukuma kidogo mbele na wenzake wanapaswa kumsikia akisukuma. Jihadharini na ngozi. Joto la unyevu la Mombasa huilegeza, ukiwasha eisi inakauka na sauti inapanda. Washeni eisi mapema, iacheni ngozi itulie, ndipo mkaze. Adhana ikianza tunasimama, maikrofoni za fidla zinanasa kila kitu.

Sauti za kuimba zilifuata, kisha vigelegele, vilivyopigwa na mama za wanabendi wakiwa wamesimama mbali na maikrofoni. Katika miksi nilipeleka chapuo kushoto na hai-hati kulia, maana zote mbili zinaishi juu na zikiwekwa pamoja moja huimeza nyenzake. Migao ya haki ya utunzi iliandikwa na kutiwa sahihi siku hiyo hiyo, kabla ya mtu yeyote kutumiwa wimbo kwenye simu.