Jozi ndogo ukiwa na chipu chache

Katika poka ya Texas Hold'em kila mchezaji hugawiwa karata mbili anazoziona peke yake. Zikilingana, tuseme 4-4 au 9-9, ana jozi ya mkononi, na hilo hutokea wastani mara 1 katika 17. Jozi ndogo ni zile za 2-2 hadi 6-6. Wapo wanaoiingiza na 7-7, siwapingi.

Uchache wa chipu (hizi za kuchezea, si za kukaangwa na mayai) haupimwi kwa kuhesabu rundo tu. Hupimwa kwa blaindi kubwa, yaani dau la lazima ambalo mchezaji mmoja huweka kila mkono, na ambalo kwenye mashindano hupanda kadiri muda unavyokwenda. Mwenye chipu 10,000 wakati blaindi kubwa ni 100 ni tajiri. Ikifika 1,000, rundo ni lilelile, lakini zimebaki blaindi 10 na mwenyewe ameshakuwa maskini.

Mwenye rundo kubwa akipata 4-4 hulipa kidogo aone flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, akiomba ishuke 4 nyingine. Ikishuka ana seti iliyojificha, na anaweza kumkamua mtu kila alichonacho. Ila seti hupatikana kwenye flopu mara 12 hivi katika 100. Ukiwa na blaindi 10, kulipa 2 au 3 kwa bahati hiyo ni kutoa robo ya mali yako, na hata ikiangukia kwako, kilichobaki cha kushinda hakifidii zile mara nyingine 88. Wala usitegemee 4-4 isimame yenyewe: flopu 99 katika 100 huwa na angalau karata moja inayoizidi 4. Ikishuka K, je, imemgusa mwenzako? Hujui, na huna chipu za kumwuliza.

Zinabaki njia mbili: kutupa karata, au kusukuma chipu zote kabla ya flopu. Wengi hapo wanaelewa. Wanachokosea ni kudhani unasukuma kwa kuwa jozi ni nzuri. Unasukuma kwa kuwa wenzako watatupa.

Chukua blaindi ndogo ya 500 na kubwa ya 1,000, pamoja na ante (dau jingine la lazima) ya 1,000. Mezani pana 2,500 zisizo na mwenyewe. Una 10,000 na 4-4, umekaa nafasi ya mgawaji, waliotangulia wote wametupa, wamebaki wawili wa blaindi wenye chipu kukuzidi. Tuseme kila mmoja atakufuata, yaani atalipa dau lako, mara 20 katika 100. Basi mara 64 wote wawili watakimbia nawe utazoa 2,500, na rundo limekua kwa robo bila karata hata moja kufunuliwa. Ukifuatwa na A-K, bado unaongoza kwa unywele. Ukifuatwa na 10-10, unapona mara 1 tu katika 5. Tuseme kwa jumla ukifuatwa unashinda mara 45 katika 100. Ukipiga hesabu yote, msukumo huo unakuletea wastani wa chipu 1,500 hivi, na karibu zote zinatoka kwa waliokimbia.

Sasa geuza meza. Mwingine ndiye aliyesukuma, nawe una 4-4 ileile. Hapo hakuna wa kukimbia tena. Kuna A-K yake ya nusu kwa nusu, au jozi yake kubwa inayokupeleka nyumbani. Mimi hutupa, isipokuwa najua anasukuma ovyo.

Kiti nacho kina neno. Ukiwa na 2-2 na watu 8 bado hawajacheza nyuma yako, karibu mara 38 katika 100 kuna mmoja mwenye jozi inayokuzidi. Wakibaki 2, ni mara 11 tu. Tena 2-2 na 3-3 zina ugonjwa wake: mezani zikilala K-K-9-9-6, jozi yako imezikwa na jozi mbili kubwa za mezani, na mwenye A-Q anachukua chungu, yaani chipu zote zilizowekwa, kwa ile A. Niliwahi kuondoka mashindanoni hivyo, nikaitazama meza dakika nzima kabla sijainuka.

Kosa la upande wa pili ni kungoja jozi nono mpaka zibaki blaindi 3. Ukisukuma hapo, wa blaindi kubwa anaongeza 2 tu ili kugombea zaidi ya 5, kwa hiyo atakufuata na takataka yoyote. Watu hupenda kumtaja Jack Straus, anayesimuliwa kubakiwa na chipu moja Las Vegas mwaka 1982 kisha akatwaa ubingwa wa dunia. Anakumbukwa kwa sababu wengine wote wa aina hiyo walitoka.

Karibu na nafasi za kulipwa hesabu hubadilika kidogo. Kama yupo mwenye chipu 2,000 kwenye meza ya jirani, 3-3 yako ya kiti cha mwanzo inaweza kutupwa, umngoje yeye atoke kwanza.