Laptopu ya kazi ikipoteza kasi, anza na umeme na joto

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi kuliko yote ni ya mtu mwenye laptopu ya kazi ya gharama, prosesa kali, RAM tele, na bado mashine inatambaa. Kabla haijanifikia imeshapigwa Windows upya, mara nyingine imeshabadilishwa hata diski. Ndugu zangu, msiguse Windows wala diski kabla hamjajua prosesa inakwenda kwa kasi gani ikiwa imebanwa na kazi, na ni kitu gani kinaizuia isipande zaidi.

Prosesa ya laptopu haina kasi moja. Chukua Core i7-13700H. Intel wameipa wati 45 kuwa nguvu yake ya msingi, na wakairuhusu ipande hadi wati 115 kwa muda. Mafundi huziita hizo PL1 na PL2. PL2 ni ya kupasua kazi fupi, kama kufungua programu nzito. PL1 ndiyo inayotawala kazi ya muda mrefu. Kipindi cha kukaa juu hupangwa na mtengenezaji wa laptopu, mara nyingi ni sekunde 28 au 56, kisha mashine hushuka yenyewe. Kwa hiyo ukiona video inachakatwa kwa kasi mwanzoni halafu inapungua, huo si ugonjwa. Ndiyo maana pia laptopu mbili zenye prosesa ile ile zinaweza kupishana sana: yenye umbo jembamba huenda imewekewa PL1 ya chini ili isiunguze mapaja ya mtumiaji.

Kupima ni rahisi. Kwenye Windows natumia HWiNFO, ni ya bure. Kwenye Linux, turbostat. Mzigo naupata kwa Cinebench R23, ambayo jaribio lake la kawaida huendelea kwa dakika 10, muda unaotosha kuivusha mashine kwenye ile kasi ya mwanzo. Wakati inaendelea, tazama kasi ya viini vya prosesa (cores), wati, joto, na ile sehemu ya HWiNFO iitwayo Performance Limit Reasons, inayotaja sababu ya prosesa kuzuiwa. Usisome kasi mashine ikiwa imetulia. Prosesa isiyo na kazi hushuka kwa makusudi ili iokoe umeme, na wengi wameingiwa na hofu ya bure kwa sababu hiyo.

Ukikuta wati zimesimama palepale kwenye 45 na joto liko nyuzi 70 na kitu, mashine iko sawa, imefika tu kwenye PL1. Ukikuta joto limegonga karibu na nyuzi 100, ambao ndio ukomo wa prosesa hiyo, na wati zinazidi kushuka, tatizo ni upoaji. Lakini ipo hali ya tatu, na ndiyo inayowapotezea watu pesa: mzigo umejaa, mashine ni ya baridi, feni kimya, na kasi imeganda kwenye megahezi 400 au 800.

Laptopu moja ililetwa kwangu ikiwa hivyo. Kasi 0.79 gigahezi, haipandi wala haishuki, na kielekezi cha kipanya kinakwamakwama kwenye skrini. Nikachomoa chaja. Papo hapo kasi ikaruka kupita gigahezi 3, kwa umeme wa betri peke yake. Nikairudisha chaja, ikaanguka tena. Ukiona mashine inakimbia kwenye betri na kutambaa kwenye chaja, acha kutafuta virusi, chukua chaja nyingine ya aina ileile ujaribu.

Sababu yake ni waya wa ishara uitwao PROCHOT. Prosesa huutumia kutangaza kwamba imepata moto, lakini kwenye laptopu nyingi waya huo hufanya kazi pande zote mbili: saketi nyingine za bodi mama (motherboard) nazo zinaweza kuutumia kuiamuru prosesa ishuke, na prosesa hutii bila kuuliza. Saketi ya umeme ni mojawapo. Zile chaja za plagi ya duara yenye pini nyembamba katikati, kama nyingi za Dell na HP, pini hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Inabeba utambulisho, yaani chaja hii ni ya wati ngapi. Pini ikipinda, au uzi wake ukikatika ndani ya kebo pale shingoni panapokunjwakunjwa kila siku, taa itawaka kama kawaida, ila mashine haiijui tena chaja yake. Kwa kujilinda hujishusha, na mara nyingi hukataa pia kuchaji betri.

USB-C ina mtego wake. Kebo isiyo na chipu ya utambulisho hubeba ampea 3 tu, na kwa volti 20 hizo ni wati 60. Ukiiunganisha na chaja ya wati 100, bado utapata 60. Toleo la 3.1 la USB Power Delivery, lililotoka 2021, limefikisha wati 240, lakini kebo, chaja na laptopu lazima zote ziwe zinakubali kiwango hicho. Dalili ya upungufu ni betri kushuka polepole wakati mashine imechomekwa na inafanya kazi nzito.

Utashauriwa uzime ishara ya PROCHOT kwa ThrottleStop, programu ya Windows ya kurekebisha mipaka ya prosesa. Kwa jaribio la dakika chache, sawa. Kuiacha imezimwa bila kujua nani aliyeitoa ni kuondoa ulinzi wa bodi nzima, na sikubaliani nako kabisa.

Sasa joto. Vumbi baya haliko kwenye matundu ya nje unayoyaona. Liko ndani, kati ya feni na mapezi ya shaba, limejibana likawa kama kitambaa cha sufi. Kupuliza kwa nje hulisogeza tu. Fungua kifuniko cha feni, litoe kwa kibano, na ukipuliza shika mapanga yasizunguke. Ukifika kwenye pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, skrubu za kipoza hicho mara nyingi zimeandikwa namba pembeni yake: fuata namba hizo unapokaza, kidogokidogo, ili shinikizo liwe sawa. Kwa laptopu napendelea karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, ambayo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza nafasi yenyewe. Pesti nyingi nyepesi husukumwa pembeni kadiri prosesa inavyopata moto na kupoa, na baada ya muda katikati hubaki pakavu.

Kuhusu kupunguza volti za prosesa kwa programu ili ipate joto kidogo: Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio la Plundervolt, lililotumia mlango huohuo wa kubadili volti kuharibu hesabu ndani ya SGX, sehemu ya siri ya prosesa za Intel ya kulinda data. Baada ya hapo mashine nyingi za kazi zilifungiwa mlango huo kwa sasisho za BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine. Usirudishe BIOS ya zamani kwenye mashine yenye data za watu. Badala yake, kama mipaka ya nguvu haijafungwa, shusha PL2 kwa ThrottleStop, tuseme kutoka wati 115 hadi 70. Feni zitaacha kulipuka kila unapofungua faili, na kazi ndefu haitaathirika kwa sababu hiyo inatawaliwa na PL1. Pasipo ThrottleStop, kuweka kikomo cha prosesa asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme ya Windows huzima turbo yote, yaani kule kupanda juu ya kasi ya msingi. Inapoza kweli, lakini kwa gharama kubwa ya kasi.

RAM nitaigusa kwa kifupi: kama grafiki ni ya ndani ya prosesa na kuna kijiti kimoja tu, ongeza cha pili kinachofanana nacho, kwa maana vijiti viwili hupanua njia ya data maradufu. SSD isijazwe hadi pomoni, kasi yake ya kuandika hushuka.

Mwisho, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ya Windows, fungua ripoti itakayotoka na ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa. Kwenye mashine zenye nguvu, betri huisaidia chaja pale mahitaji yanapopanda ghafla, hivyo betri iliyochoka inaweza kuishusha prosesa hata ukiwa umechomeka. Na ukiona padi ya kugusa imeinuka au haibonyezeki vizuri, huenda betri imevimba chini yake: zima mashine na usiichaji tena hadi betri itolewe.