Kabla hujanunua AC Dodoma, gusa dari

Oktoba iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Kisasa alinipigia simu jioni. Alikuwa amehamishwa kikazi kutoka Dar. "Fundi, niletee AC ya 18,000. Chumba hakilaliki." (Hizo ni BTU, kipimo cha nguvu ya AC kupoza, si bei.) Nikafika saa tatu usiku, mkononi nina kipimajoto tu. Barazani nyuzi 23 na kaupepo kanavuma. Chumbani nyuzi 31. Nikapanda juu ya stuli, nikagusa jipsamu ya dari kwa kiganja. Ya moto, kama birika lililoepuliwa nusu saa iliyopita.

"Mama, joto lako limelala huko juu."

Nyumba yake ni ya mtindo huu wa kuficha bati. Inapendeza, ila juu ya dari hapakuwa na tundu hata moja la kupitisha hewa. Wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana linapita wima juu ya Dodoma. Bati linaweza kufika nyuzi 60, na hewa iliyofungiwa chini yake inaendelea kuipasha dari hadi usiku wa manane. Ukifunga AC hapo, mashine inashindana na paa na wewe ndiye unayelipa LUKU.

Tembe za Wagogo hazikuwa na shida hii. Paa lilikuwa udongo mzito juu ya magogo, na joto la saa saba mchana lilichukua saa nyingi kupenya. Likifika ndani, nje kumeshapoa. Simshauri mtu arudi kwenye tembe (mchwa na mvua za Januari nazijua), lakini matundu mawili kila upande wa paa na blanketi la pamba ya kioo juu ya dari vinafanya kazi ileile.

Wanaotoka Dar husahau kwamba hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Usiku kunapoa hata mwezi wa kumi na moja. Fungua madirisha kuanzia jioni, yafunge asubuhi jua halijakolea, ushushe na mapazia. Kikwazo ni vumbi, hasa Agosti hadi Oktoba, na sina dawa yake zaidi ya wavu na kitambaa cha kufutia.

Kingine ni ukavu wa hewa. Dar, sehemu kubwa ya kazi ya AC ni kukamua unyevu. Hapa kiangazi karibu hakuna cha kukamua. Ukilala na AC unaamka midomo imepasuka na koo limekauka. Ndiyo maana napenda feni la maji, lile dukani wanaliita eakula. Maji yanapogeuka mvuke yanabeba joto: lita moja hubeba kiasi cha uniti 0.67 za joto, wakati mashine yenyewe inakula wati 100 hadi 200. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 22 au 23. Lakini dirisha lazima liwe wazi! Watu wanalifunga kama la AC, baada ya saa moja chumba kinanata kama Tanga, halafu wanasema mashine mbovu. Februari na Machi, hewa ikiwa na unyevu, nguvu yake inapungua sana. Na maji yetu ya visima yana chumvi: usipoosha zile pedi zinazoloweshwa maji ndani ya mashine kila baada ya wiki mbili zinakuwa mawe.

AC ina mahali pake. Ofisi yenye kompyuta na watu kumi, chumba cha mgonjwa, chumba cha kulala kilicho barabarani ambako dirisha halifunguliki kwa kelele. Hapo nunua yenye inveta (inapunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha), na usinunue kubwa kupita kiasi. Nilipoanza kazi hii niliwahi kufunga ya 24,000, isiyo na inveta, kwenye chumba cha mita nne kwa tatu, kwa kuwa mzee mwenye nyumba aliona kubwa ndiyo bora nami sikumbishia. Ilikuwa inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena, usiku kucha. Kompresa haikumaliza mwaka wa pili. Chumba kile kingetosheka na 9,000. Ya 12,000 ya kawaida hula karibu uniti moja kwa saa kompresa ikizunguka mfululizo. Kwa saa nane za usiku, aliye kwenye tarifa ya uniti 75 kwa mwezi anazimaliza kabla ya siku kumi.

AC za mitumba zenye gesi ya zamani ya R-22 ziacheni. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, inazitaka nchi zinazoendelea ziwe zimeacha karibu matumizi yote ya gesi hiyo ifikapo 2030, na kila mwaka kuijaza kutakuwa kugumu zaidi.

Baridi ya Juni na Julai haihitaji mtambo wa pekee. Ukinunua AC, chagua ile inayogeuza mzunguko ikatoa joto: kwa uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti tatu hivi, ambapo hita ya waya inakupa moja tu. Jiko la mkaa chumbani mlango ukiwa umefungwa, hapana kabisa. Gesi yake ya sumu haina harufu, na watu hawaamki.

Mama wa Kisasa alianza na matundu, pamba ya kioo na pangaboi. Wiki tatu baadaye, saa tatu usiku, chumba kilisoma nyuzi 26. AC alinunua baadaye, ya 9,000, ya chumba cha kulala tu. Sebule bado inamsumbua: ina kioo kikubwa kinachotazama magharibi, na kila nikimwambia tuweke kibanda cha kivuli nje anajibu kwamba kitaharibu sura ya nyumba.