Sedumu ya msituni: mmea wa kufunika udongo chini ya miti

Sedumu, mimea midogo yenye majani manene yanayotunza maji, nyingi hupenda jua kali na mawe makavu, ndiyo maana mwenye bustani yenye kivuli huzipita tu dukani. Sedumu ya msituni (Sedum ternatum) haiko hivyo. Ni mmea wa asili wa mashariki mwa Marekani, kuanzia New York hadi Georgia na kuelekea magharibi hadi Iowa, na makazi yake ni miamba yenye unyevu, kingo za vijito na miteremko iliyo chini ya miti. (Afrika Mashariki nayo ina sedumu ya kivulini: Sedum meyeri-johannis, ya misitu ya Kilimanjaro.)

Kimo chake ni sentimita 7 hadi 15. Majani ni manene, ya mviringo, na hutoka matatu matatu kwenye kila pingili ya shina linalotambaa. Kati ya Aprili na Juni hutoa maua meupe yenye petali nne, kwa kawaida juu ya vitawi vitatu.

Kabla ya kununua, kagua mche wenyewe, usitegemee kibandiko peke yake. Sedum sarmentosum ya Asia Mashariki nayo ina majani matatu kwa kila pingili, lakini yake ni membamba yenye ncha, na maua yake ni ya manjano. Hiyo hutoroka bustanini na kuvamia kingo za mito, na kuing'oa ni kazi, kwa sababu kila kipande kinachobaki huota upya. Nunua kwenye kitalu kinachozalisha miche chenyewe, wala usiichimbe msituni.

Mahali panapofaa zaidi ni penye jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha kivuli. Jua la mchana huunguza majani. Kwenye giza la miti isiyopukutisha majani, mmea huishi lakini mashina hurefuka, nafasi wazi hubaki katikati na maua huwa haba. Unyevu unafaa, maji yaliyotuama hapana: kwenye mfinyanzi mzito mashina huoza tokea chini, hasa majira ya baridi. Changanya kokoto ndogo na mboji ya majani kwenye sentimita 10 za juu. Chini ya mti mkubwa usilime wala usirundike udongo, maana utakata mizizi yake au kuikosesha hewa; chomeka miche kwenye mianya iliyopo kati ya mizizi. Sedumu hii haihitaji kina kirefu.

Panda majira ya chipuko, sentimita 25 kati ya mche na mche, yaani miche 16 kwa mita moja ya mraba. Mwaka wa kwanza mwagilia mara moja kwa wiki mvua isiponyesha. Baadaye ni wakati wa ukame mrefu tu. Mbolea ya naitrojeni iache. Hulegeza mashina na kuwakaribisha koa, ambao tayari wanayapenda machipukizi mateke. Ukiona majani yametobolewa na utelezi unaong'aa juu ya udongo, toka usiku na tochi uwaokote.

Kuzidisha miche ni rahisi kuliko kuinunua. Baada ya maua, kata shina lisilochanua, urefu wa sentimita 5 hadi 8. Shina lililokwisha kuchanua halifai, kwani hufa baada ya kutoa mbegu. Ondoa majani ya pingili mbili za chini, kisha chomeka pingili hizo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kwa viwango sawa, na uweke kivulini. Kwa kawaida mizizi hutoka ndani ya wiki chache. Mbegu zipo, lakini ni ndogo kama vumbi na hazistahili usumbufu.

Kinachoua mimea mingi iliyokwisha kushika ni majani ya miti. Oktoba na Novemba majani mapana ya mwaloni hulala juu yake, hushikana kwa mvua na kuuzuia mmea kupata mwanga na hewa. Ifikapo chipuko, chini yake kumeoza. Tabaka jembamba halina neno. Likizidi, liondoe kwa mkono au kwa reki laini ya mianzi, kwa sababu mizizi ni ya juujuu na reki ya chuma huing'oa. Vipande vitakavyokatika visitupwe: vikandamize udongoni palipo na nafasi, vitashika.