Jina la kati la binti: dhana zinazosambaa na ukweli wake

Mtoto wa kike akishapata jina la kwanza, ushauri kuhusu la pili huanza kumiminika. Mwingi wake umetoka kwenye orodha za Kiingereza, ambako jina la kati huchaguliwa kwa mlio tu. Kwetu jina hilo lina kazi, na kazi yenyewe hubadilika ukivuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Namanga.

Dhana: Jina la kati ni la wazazi kuchagua wapendavyo.

Kwa Tanzania, mara nyingi sivyo. Fomu zina jina la kwanza, la kati na la ukoo, na kwa kawaida la kati ni la baba. Visiwani na pwani mpangilio ni wa mtoto, baba na babu. Kinachobaki kuchaguliwa ni jina la kwanza, kwa hiyo hilo ndilo lisikilizwe likiwa limekaa mbele ya jina la baba. Rehema akifuatwa na Hemedi, ulimi unapita he-ma-he-me na kujikwaa. Asha akifuatwa na Athumani, masikio yanapata “Ashathumani”. Neema Hemedi au Mariamu Athumani hayana tabu hiyo.

Anayetaka kumwongezea binti jina la bibi ana njia mbili salama. Aliache liwe jina la nyumbani, au aliunganishe na la kwanza liandikwe neno moja, kama Annamaria. Likiandikwa peke yake, ni rahisi karani kuliweka kwenye nafasi ya kati. Hapo la baba linasukumwa kwenye ukoo na la ukoo linaachwa nje. Wakati huo halimsumbui mtu. Tatizo huja binti anapoomba kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha shule kinasema hivi na cha kuzaliwa vile, na familia inaanza kuandaa viapo.

Dhana: Chagua la kwanza, kisha tafuta la kati linalolifaa.

Kwa familia nyingi za Kenya mambo huenda kinyume, kwa sababu la kati linajulikana kabla mimba haijatungwa. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na wa pili la mama yake mama. Kama bibi ni Wairimu, mjadala umekwisha: kazi yenu ni kutafuta jina la kwanza linalokaa vizuri mbele ya Wairimu. Wazazi wanaochagua la kwanza miezi mapema na kulipenda mno ndio hujikuta wakilazimisha mambo siku ya mwisho, na ugomvi na upande wa baba unaanzia hapo. Anzeni na lile lisilobadilika.

Dhana: La kwanza likiwa fupi la kati liwe refu, na hesabu za silabi zisilingane.

Kanuni hii imetungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkazo wa neno huhamahama. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, liwe neno la silabi mbili au tano, kwa hiyo kuhesabu silabi peke yake hakusaidii sana. Sikiliza mahali majina mawili yanapokutana.

Majina mengi ya kike ya Kijaluo huanza na A: Akinyi, Atieno, Achieng', Adhiambo, Anyango, Awuor, Akoth. Jina la kwanza linaloishia na a humezwa hapo. Brenda Akinyi husikika “Brendakinyi”, na Linda Atieno vilevile. Ruth, Joy, Mercy au Lilian huacha mpaka unaosikika. Kwa Wabukusu ni silabi “na” inayogongana: Anna Nanjala inatoa na-na mfululizo, na Christina Nafula hivyohivyo, ilhali Esther Nafula inapita bila shida. Kwa Wakikuyu angalia v na w, maana Eva Wambui hutaka midomo ifanye kazi mbili zinazokaribiana mno. Majina ya Wakalenjin yanayoanza na Chep au Jep ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa konsonanti ile ya mwanzo hukata jina la kwanza waziwazi. Msikilize mtu akitaja Faith Chepngetich Kipyegon au Vivian Jepkemoi Cheruiyot: hakuna pa kuteleza.

Vina navyo vina hatari yake. Neema Rehema yana mkazo kwenye e na mwisho wa -ema; kwenye karatasi yanapendeza, yakiitwa uani yanasikika kama jina moja lililorudiwa.

Jaribio ni la dakika tano. Tamka majina yote matatu kwa sauti. Kisha la kwanza na la mwisho tu. Kisha la kati peke yake, maana Wakenya wengi huitwa kwa hilo maisha yao yote. Halafu mpe bibi asiyezoea Kiingereza ayatamke. Kikuyu hakina l, basi Lilian atakuwa Ririani. Kijaluo hakina sh, basi Sharon atakuwa Saron. Mtakavyomsikia bibi ndivyo mtoto atakavyoitwa nyumbani.

Dhana: Atieno lazima awe amezaliwa usiku.

Ndiyo maana yake, kama Akinyi alivyo wa asubuhi na Akoth wa mvua. Lakini Wajaluo pia humpa mtoto jina la mzee aliyefariki, na hapo saa ya kuzaliwa haihusiki. Atieno wa saa nane mchana hana kosa lolote. Kosa ni kuokota jina la kabila lingine kwa mlio wake bila kuuliza: Nanjala hupewa aliyezaliwa msimu wa njaa, na Apiyo ni pacha aliyetangulia. Uliza mzungumzaji wa lugha hiyo kabla ya kuandika.

Dhana: Kanisa Katoliki linadai jina la mtakatifu.

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Sheria ya zamani ya 1917 ndiyo iliyomtaka padri aongeze la mtakatifu wazazi wasipoliweka. Anayelitaka bado anaweza kulipata Afrika: Bakhita wa Sudan, aliyetangazwa mtakatifu 2000, au Anuarite wa Kongo, mwenyeheri tangu 1985.

Dhana: Pasipoti itaonyesha jina kama lilivyo.

Mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine ina herufi 44 kila mmoja, na majina yote hupewa nafasi 39. La ukoo hutangulia, mengine hufuata kwa pamoja. Hakuna sehemu ya “kati”. Alama ya ng' huondolewa, hivyo Nyong'o husomeka NYONGO na Achieng' huwa ACHIENG. Kistari nacho hugeuzwa alama ya kutenganisha. Jina halina haja ya kuachwa kwa sababu hiyo, ila amueni mapema kama mtaandika alama hiyo, na iwe hivyo kwenye kila hati.

Dhana: Likikosewa litarekebishwa tu.

Tanzania kizazi kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90. Kenya mzazi ana miaka 2 tangu usajili kuandikisha jina jipya au lililobadilishwa; baada ya hapo ni hati ya kisheria ya kubadili jina na tangazo katika gazeti rasmi la serikali, pamoja na gharama zake. Kwa hiyo usimtamkie karani jina. Wangui na Wangoi husikika karibu sawa, na Fatma na Fatuma huchanganywa kila siku. Mwandikie majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkabidhi, na usome alichoandika herufi kwa herufi kabla ya kuweka sahihi.